Wacheni Kumwita Mkaidi Mtu Anayesahau

Wiki jana niliweka video fupi ya mama mdogo wangu akisuka kikapu. Sekunde arobaini tu. Mikono yake, majani ya mkoma, jua la Lodwar likipiga mchanga nyuma yake. Nilidhani ni kontenti safi ya asubuhi. Komenti ya kwanza ikaingia: "Huyu anasuka kama simu iko na asilimia moja. Ameonja kitu?" Watu wakacheka. Wengine wakaongeza zao. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeifuta.

Hasira haikufutika. Kwa hivyo leo hakuna video, leo mtasoma.

Mama mdogo anaishi na HIV. Ananiruhusu niseme. Maneno yake: "Andika, mwanangu, lakini uso wangu usiweke, na jina langu usiweke." Kwa hivyo hamtapata jina wala mtaa, na kliniki nitakayoilalamikia hapa pia haitatajwa, kwa sababu nikiitaja ni rahisi kumjua yeye. Msianze kuuliza inboksi.

Yuko kwa dawa zaidi ya miaka kumi. Vikapu vyake vilikuwa vinajulikana. Hakuwa anachora muundo mahali popote, ulikuwa kichwani: mistari mingapi myeusi, mingapi ya rangi ya udongo, wapi inakatika. Ungemwongelesha huku anasuka na bado hesabu isipotee. Miaka kama miwili iliyopita akaanza kukosea chenji sokoni. Mteja anatoa elfu moja, yeye anabaki ameishika tu, anaiangalia. Halafu vikapu vikaanza kuachwa nusu. Si ati alisahau kusuka. Mikono inajua. Lakini anafika mahali pa kubadilisha rangi na hawezi kuamua. Halafu akasahau tarehe ya kliniki. Halafu ya pili.

Siku moja dawa zikahesabiwa na hazikulingana. Kuna siku alikuwa amemeza mara mbili, kuna siku hakumeza kabisa. Akaambiwa mbele ya watu kwenye benchi: "Mama, wewe ni mtu mzima, unatuchezea?" Kwenye faili yake likaandikwa lile neno ambalo kila mtu wa kliniki analijua. Difolta.

Sisi nyumbani hatukufanya vizuri zaidi. Mjomba mmoja alisema amerogwa. Jirani akasema ni pombe, na huyu mama hajawahi kuonja hata busaa. Mimi mwenyewe, mjanja wa simu, nilimwambia, "Si uweke alamu tu?" Aliweka. Alamu ikalia, akaizima, akabaki amekaa akijiuliza ilikuwa ya nini.

Hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza kuhusu ubongo wake. Ugomvi wangu ni huo. Tumejenga mfumo unaohesabu vidonge, unapima wingi wa virusi kwenye damu, unaandika tarehe kwa kalamu nyekundu, halafu unamwachia mtu kazi yote ya kukumbuka bila kumuuliza kama kile anachokumbukia bado kiko sawa. Akishindwa, anaitwa mkaidi.

Kabla sijaendelea, shikeni maneno manne: mbwa, kofia, haragwe, nyekundu. Msiandike popote. Nitawauliza.

Sasa sayansi, na nitatumia mfano wa kwetu. HIV haingoji miaka kuingia kichwani. Inafika kwenye ubongo mapema sana, ndani ya siku au wiki za kwanza za maambukizi, ikibebwa na seli nyeupe za damu zinazovuka ule ukuta unaotenganisha damu na ubongo. Ikifika, haivamii moja kwa moja zile seli za neva tunazofikiria nazo. Inaingia ndani ya walinzi. Ubongo una walinzi wake, seli zinazoitwa maikroglia, na wenzao makrofaji. Kazi yao ni kupiga doria, kula takataka na kupigana na vijidudu.

Fikiria zizi limevamiwa usiku. Homgadi wanafyatua risasi. Usiku mmoja, ni sawa, ndiyo kazi yao. Lakini chukua homgadi ambaye adui amejificha ndani ya koti lake mwenyewe, na anafyatua kila usiku, kwa kila kivuli, miaka kumi. Mbuzi watakufa, na wataangushwa na risasi za wenyewe, si za wezi. Hiyo ndiyo inaitwa inflamesheni ya muda mrefu: walinzi wa ubongo hawalali, wanamwaga kemikali za vita, na seli za neva zilizo karibu zinaumia. Juu ya hapo virusi vinaacha protini zake, kama ile inayoitwa Tat na nyingine inaitwa gp120, ambazo kwenye maabara zimeonekana kudhuru seli za neva zenyewe.

Kinachoumia mapema mara nyingi si kumbukumbu ya utotoni. Mama mdogo anakumbuka jina la kila ng'ombe wa babu. Kinachoumia ni kasi, umakini, kupanga hatua, kubadilisha kutoka jambo moja kwenda lingine, na wepesi wa vidole. Soma tena hiyo orodha halafu urudi kwenye kikapu. Chenji. Kubadilisha rangi. Mikono ya pole pole mliyoicheka.

Dawa zinazima sehemu kubwa ya huo moto. Hili nitalirudia kwa sababu najua nani anasoma. Kabla ya ARV, watu walikuwa wanafika hali ya kutojua watoto wao, wanashindwa kutembea, wanafariki hivyo. Leo ile dementia kali ya HIV imekuwa nadra kwa mtu anayemeza dawa. Lakini kinachobaki kwa baadhi ya watu ni makaa, hasa kwa wale walioanza dawa kinga ikiwa imeshaporomoka.

Na hapa ndipo nachemka kabisa. Unajua kwa nini mama mdogo alianza akiwa amechelewa? Hakujificha. Enzi zile ukipatikana na virusi hukupewa dawa siku hiyo. Ulipimwa CD4, na kama bado iko juu ya kiwango kilichowekwa, ulirudishwa nyumbani usubiri ishuke. Ndiyo mwongozo ulivyokuwa. Ni 2015 ndipo utafiti mkubwa unaoitwa START, wa watu 4,685 kutoka nchi nyingi, ulionyesha wazi kuwa kuanza mapema ni bora, na Kenya ikaacha kusubiri 2016. Yeye alisubiri kwa sababu alitii. Sasa huyo huyo aliyetii ndiye anayeitwa mkaidi.

Kuna kitu kingine watu wananiuliza, hizi protini zinazorundikana. Mmesikia kuhusu Alzheimer, ule ugonjwa wa wazee ulioelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Kwenye Alzheimer, vipande vya protini inayoitwa amiloidi vinajikusanya kati ya seli, na nyingine inaitwa tau inajisokota ndani ya seli. Ubongo wenye afya unasafisha takataka zake, kama mtaro wa mji. Lakini mnaijua mitaro yetu mvua ikinyesha, chupa na mifuko ikiwa imeziba. Maabara zimeonyesha kuwa ile Tat ya virusi inaweza kuzuia kimeng'enya kinachovunja amiloidi, na kwenye baadhi ya bongo za watu waliofariki wakiwa na HIV amiloidi imeonekana. Sawa. Lakini watu wa makamo wenye HIV walipopigwa picha za ubongo wakiwa hai, hata wale wenye shida ya kufikiri, hawakuonekana na ule mrundiko wa Alzheimer. Kwa hivyo mtu akikuambia kwenye video kuwa "HIV ni Alzheimer ya vijana", anauza hofu. Takataka zinaweza kuwa sehemu ya hadithi. Moto ndio wenye ushahidi mzito.

Tukishafika kwa wauza hofu, wacha nimalizane nao.

Mmetumiana zile video. Jamaa mwenye koti jeupe la kukodisha anasema ARV zinaoza ubongo, acha dawa, nunua unga wangu wa mizizi. Nimeziona kwa simu za watu Lodwar na nimeziona Kakuma. Kinachonikera ni kwamba uongo wake umejengwa juu ya kipande cha ukweli ambacho kliniki haikusema kwa sauti. Ndiyo, kulikuwa na dawa inaitwa efavirenz, ile ya kumeza usiku, na ndiyo, iliwapa watu wengi kizunguzungu, ndoto za ajabu na huzuni. Mama mdogo aliota miaka. Kuanzia 2018 mwongozo wa Kenya ukahamisha watu kwenda kidonge chenye dolutegravir, ambacho kwa wengi ni rahisi zaidi kichwani, ingawa wengine kinawanyima usingizi na wanashauriwa wakimeze asubuhi. Huo ndio ukweli wote kuhusu dawa na kichwa. Ungesemwa mapema, yule wa mizizi angekosa mteja.

Na kuacha dawa? Hilo lilishajaribiwa, kwa uangalifu, na madaktari wenyewe. Utafiti unaitwa SMART. Watu 5,472, nusu wakaendelea na dawa bila kukatiza, nusu wakawa wanapumzika kinga ikiwa juu. Januari 2006 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliokuwa wanapumzika walikuwa wanaugua na kufa zaidi. Ukiacha dawa unawarudishia virusi ubongo wote. Makaa yanapuliziwa. Na kinga ikishuka, mlango unafunguka kwa uti wa mgongo wa fangasi, kifua kikuu cha ubongo, toksoplasma. Hayo hayakusahaulishi chenji. Yanakuua ndani ya wiki.

Pia sitaki mtoke hapa mkidhani kila mwenye HIV anapoteza akili. Kuna takwimu inazunguka ati nusu ya watu wenye HIV wana ubongo ulioharibika. Inatoka kwa utafiti wa Marekani wa 2010 unaoitwa CHARTER, watu 1,555, na ni kweli asilimia 52 walipata alama za chini kwenye vipimo. Lakini wengi wa hao hawakuwa na shida yoyote maishani, wengine walikuwa na sababu nyingine kama majeraha ya kichwa, na wenye dementia hasa walikuwa asilimia 2. Wataalamu wengine wamelalamika kwa miaka kwamba vigezo vile vinaweza kumhesabu hata mtu mzima wa afya kuwa mgonjwa, na 2023 kundi la kimataifa la watafiti likapendekeza njia mpya: usimwite mtu mgonjwa kwa sababu ya alama za karatasi pekee, angalia maisha yake. Mimi nawaunga mkono. Ukimwajiri mtu mwenye HIV, hii posti si ruhusa ya kumtilia shaka. Sheria ya 2006 inakataza kumbagua, na mimi nitakuanika.

Haya. Yale maneno manne? Kama umebaki na mawili, tulia, ulikuwa unasoma kuhusu homgadi. Lakini ujue kuwa hilo ni kipimo cha kweli. Na kilijaribiwa jirani tu, Kampala.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani na Uganda walichapisha kipimo kifupi cha dementia ya HIV kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa lugha yoyote na elimu yoyote. Hakihitaji mashine. Hakihitaji stima. Hakihitaji ujue kusoma, na hilo kwa Turkana ni kubwa, kwa sababu vipimo vingi vya ubongo vinadhani kila mtu alimaliza shule na anaijua alfabeti. Unaambiwa maneno manne, unayarudia. Halafu unagonganisha kidole gumba na cha shahada cha mkono usiouzoea, upana na haraka uwezavyo, sekunde tano, wanahesabu. Halafu mkono mezani: ngumi, kiganja chini, mkono kwa ubavu, rudia haraka, sekunde kumi. Halafu yale maneno unaulizwa tena, na ukikwama unapewa dokezo: mnyama, kitu cha kuvaa, chakula, rangi. Jumla ni alama 12. Ukipata 10 au chini, uchunguzwe zaidi.

Si kipimo cha miujiza. Kule Uganda kilinasa wanane kati ya kila kumi wenye dementia, lakini pia kilishuku karibu nusu ya wasiokuwa nayo, na shida ndogo ndogo zinaweza kukipita. Hakisemi unaumwa nini. Kinasema tu: usimfokee huyu mtu, mwangalie kwanza. Na watafiti wa Kampala hao hao walionyesha mwaka uliofuata kwamba watu waliokuwa na shida ya kufikiri walipoanzishiwa ARV, ndani ya miezi sita akili zao zilikuwa zimepanda. Yaani hata mlango wa kurudi upo.

Dakika chache. Saa ya mkononi na meza. Imepita miaka ishirini. Niambie ni lini umesikia mtu amefanyiwa hicho kipimo kwenye kliniki unayoijua.

Mama mdogo alifanyiwa kwa bahati. Kulikuwa na afisa wa kliniki kijana aliyekuja kushikilia kwa muda, akamwona anavyosita kufunga kitufe cha mkoba. Hakuuliza kuhusu dozi. Aliuliza, "Mama, siku hizi kichwa kinakuaje?" Mama mdogo akalia. Tulikuwa tumemuuliza kila kitu isipokuwa hicho. Vidole: tisa kwa sekunde tano. Mkono ulikwama mara ya tatu. Maneno alikumbuka mbwa na nyekundu, na kofia akaipata kwa dokezo. Jumla sita na nusu.

Halafu yule afisa akafanya kitu ambacho nataka mkisikie, kwa sababu hakuishia kusema "ni virusi, pole". Wingi wa virusi kwenye damu ulikuwa chini. Akapima presha, ikawa juu sana, na hakuna aliyekuwa anajua. Presha inaharibu mishipa midogo ya ubongo, na kwa mtu wa HIV ni mzigo juu ya mzigo. Akauliza usingizi: halali. Akauliza moyo: huzuni tangu amzike dada yake. Akaagiza kipimo cha kaswende, kwa sababu nayo inaweza kuingia ubongoni. Zote hizo zinatibika. Kisha akaandika rufaa kwenda Eldoret kwa uchunguzi zaidi.

Eldoret. Kutoka Lodwar ni zaidi ya kilomita mia tatu. Nauli kwenda na kurudi, mahali pa kulala, mtu wa kumsindikiza kwa sababu peke yake atashuka mahali si pake. Hiyo rufaa bado iko ndani ya Biblia yake, imekunjwa.

Kaunti hii ina watu 926,976 kwa sensa ya 2019, imetandazwa kwenye ardhi kubwa kuliko nchi kadhaa. Afya ni kazi ya kaunti tangu 2013. Sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa 2022 inazitaka kaunti zitoe huduma ya afya ya akili kwenye vituo vyake. Mwongozo wa taifa wa ARV unataka mtu apimwe depresheni kila mwaka. Kwa karatasi tuko vizuri sana.

Sasa panda gari uende kaskazini-magharibi, kama kilomita 120 kwa barabara ya Lokichoggio, ufike Kakuma. Kambi iko hapo tangu 1992. Chukua shida zote nilizotaja na uziweke kwenye foleni moja yenye Kiturkana, Kinuer, Kidinka, Kisomali, Kiswahili cha Kongo, Kirundi. Nilikaa siku mbili na kijana mmoja anayetafsiri kwenye kliniki. Aliniambia kitu kikanikaa. Mgonjwa akiulizwa "umeelewa?" atasema ndiyo, kwa sababu amechoka na jua ni kali. Akirudi amekosea dozi, inaandikwa hafuati maelekezo. "Kama ni lugha, kama ni njaa, kama ni vita aliyoiona, kama ni kichwa chenyewe," akasema, "pale kwa fomu kuna sanduku moja tu la kuweka tiki."

Njaa tuiongelee kidogo, kwa sababu 2025 mgao wa chakula Kakuma ulikatwa mpaka watu wakaandamana. Wengi bado wanaamini dawa haimezwi bila kula. Kidonge cha sasa cha dolutegravir kinaweza kumezwa ukiwa umekula au hujala. Lakini mtu mwenye njaa anahisi kichefuchefu, anaogopa, anairuka. Na ubongo usiopata chakula unakuwa mzito kwa sababu zake wenyewe. Ukipima akili ya mtu aliyekula mara moja jana, unapima nini hasa?

Halafu Marekani. Tangu 2003 pesa za PEPFAR zimebeba sehemu kubwa ya kliniki zetu za HIV. 20 Januari 2025 Washington ikasimamisha misaada ya nje, na hata baada ya kuruhusu dawa ziendelee, wafanyakazi wengi wa HIV kote Kenya walikuwa tayari wameambiwa wakae nyumbani. Nani walitoka kwanza? Mshauri. Mama wa rika anayekaa kwenye benchi na wagonjwa. Yule wa kukupigia simu ukikosa tarehe. Yaani hasa wale watu ambao wangegundua kuwa fulani siku hizi anarudia swali moja mara tatu. Vidonge vikabaki dirishani, macho yakaondoka. Na sitaki kusikia "wazungu wametuacha" ikiwa ndio mwisho wa sentensi. Kwa saa ya mkononi na maneno manne hatukuhitaji mfadhili wa kututoa nje.

Mnaofikiri hii ni stori ya watu wa umri wa mama mdogo, ngojeni kwanza. Kuna vijana wa rika letu waliozaliwa na virusi. Ubongo wao ulikuwa bado unajengwa wakati moto ulikuwa unawaka. Wengi wako sawa kabisa, wengine ni wakali darasani kuliko wewe. Lakini wako ambao hesabu iliwakataa, ambao mwalimu aliwaita zuzu, ambao walirudia darasa mara mbili wakapigwa kwa uvivu. Tulikuwa na mmoja bweni letu. Alikuwa anaamka kabla ya kengele kumeza kitu chini ya blanketi, na sisi tulidhani ni peremende. Alikuwa analia kabla ya mitihani. Tulimpa jina la utani, sitaliandika hapa. Nimemtafuta mwaka huu kumwomba msamaha, sijampata.

Ninachotaka ni kidogo mpaka naona aibu kukidai. Kila tarehe ya kliniki, maswali matatu ambayo tayari yanatumika kwenye kliniki za Ulaya: unasahau mara kwa mara? Unahisi umekuwa mzito kufikiri, kupanga au kutatua jambo? Unashindwa kukaza akili kwa kitu kimoja? Jibu likiwa ndiyo, kipimo cha Kampala, kwa lugha ya mtu mwenyewe, na kifaa cha presha mkononi. Na lile neno difolta lisiandikwe kwenye faili ya mtu yeyote kabla hayo hayajaulizwa. Sitaki mashine ya picha ya ubongo Lodwar kesho. Ningeitaka, lakini leo naomba maswali.

Na nyinyi wasee wa komenti, kazi yenu ni ndogo zaidi. Ukimwona mama anashika noti muda mrefu kwenye duka, ngoja. Kama ni wa nyumbani kwenu, mnunulie kile kisanduku cha dawa chenye vyumba saba, umjazie Jumapili. Sisi tulifanya hivyo. Mtoto wa jirani, wa darasa la nne, ndiye anapita kila jioni kuuliza kama chumba cha leo kiko wazi. Dozi hazipotei tena. Presha imeshuka. Usingizi umerudi kidogo. Vikapu bado ni pole pole, na kuna miundo ameiacha kabisa, anasema ile ya zamani inamchokoza.

Tarehe yake ni Alhamisi ijayo, kliniki ile ile ya benchi. Yule afisa alishahamishwa. Nitaenda naye, nitakaa karibu na mlango, na kalamu. Ijumaa nitawaandikia kama kuna mtu alimuuliza kuhusu kichwa chake, au kama walihesabu vidonge tu.